Nguvu ya Miraa ni ya Mkopo

Kwa mchungaji anayekesha na ngamia, au dereva anayeshika usukani usiku kucha kutoka Mandera kupitia Takaba hadi Moyale, miraa huonekana kuwa nguvu iliyofungwa kwenye bunda. Sisi tunasema haiongezi nguvu yoyote. Inatumia usiku huu akiba ambayo ubongo uliiweka kwa ajili ya kesho, na ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya ubongo wenyewe.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na nyingi kati yazo hazigusani. Baina ya seli na jirani yake kuna mwanya mwembamba mno. Ujumbe hupita ndani ya seli kwa umeme hafifu. Ukifika ukingoni, seli humwaga kemikali zinazovuka mwanya na kuiamsha ya pili, kisha huzivuta nyingi kuzirudisha ghalani zitumike tena. Kemikali mojawapo ni dopamini, inayotupa hamu na raha. Nyingine ni noradrenalini, inayouandaa mwili kwa hatari: moyo huenda mbio, tumbo hupunguza kazi yake, usingizi hutoweka. Aliyewahi kumsikia fisi akizunguka zizi usiku anaijua hali hiyo.

Jani bichi la miraa lina kathinoni, iliyotambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Hiyo huzilazimisha seli kumwaga dopamini na noradrenalini, na kuzuia kemikali hizo zisirudi upesi ghalani. Ndiyo stimu: maneno hunoga, njaa husahaulika, mtu hujiona hachoki. Jani likinyauka kathinoni hugeuka kuwa kitu dhaifu zaidi, na ndiyo maana magari ya miraa kutoka Meru hukimbizwa vile. Lakini mwili ulikuwa umechoka tangu mwanzo. Kilichonyamazishwa ni habari ya uchovu tu. Asubuhi ghala limepungua, usingizi haukulalwa, chakula hakikuliwa. Hasira na ukimya ambavyo mke na watoto huamka na kuvikuta nyumbani vinatoka hapo, na anayetafuna tena ili aviondoe analipa deni kwa deni.

Wako watakaosema kwamba wazee walitafuna maisha yao yote na akili zao zikabaki timamu. Ni kweli kwa wengi, kwa kuwa kiasi ndicho kinachoamua: majani machache barazani si sawa na kutafuna kuanzia adhuhuri hadi alfajiri, tena kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakomaa. Utafiti uliofanywa Hargeisa na kuchapishwa mwaka 2005 uliwakuta wagonjwa wa akili waliokuwa wakitafuna kwa wingi kabla ugonjwa haujaanza. Pingamizi zito zaidi ni hili: huenda vita vya huko ndivyo vilivyowaumiza, nao wakatafuna ili wasahau. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kulimaliza swali hilo. Hata hivyo, ubongo uliojeruhiwa na hofu tayari unaishi kama fisi yuko mlangoni, na kuumwagia noradrenalini zaidi ni kuzidisha jeraha. Na anayetukumbusha kuwa sheria ya Kenya inaitambua miraa kama zao la biashara anasema kweli pia, ila sheria hiyo inalinda kipato cha mkulima, haibadilishi kazi ya neva.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asitafune, kwani kemikali za miraa zimeonekana katika maziwa ya mama. Mwenye shinikizo la damu aache. Anayeacha atasumbuliwa na uchovu na ndoto mbaya kwa siku kadhaa. Mvumilieni, alale, ale. Na ndugu yenu akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akikaa siku tatu bila usingizi, msimfunge kamba wala msimfiche nyuma ya nyumba. Mleteni hospitali ya Takaba siku hiyo hiyo.