Kuchanja Kuni za Nyumbani: Kabari, Jeki au Mashine ya Haidroliki

Mkoa wa Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayosalia ni ya jua na upepo mkavu. Hali hiyo, ambayo humtesa mkulima wa mahindi, humfaa sana mwenye kuni. Gogo la mti uliokatwa karibuni linaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Likitiwa mafigani likiwa katika hali hiyo, sehemu kubwa ya moto huishia kuyachemsha maji yake lenyewe, na mpishi hubakiwa na moshi na macho mekundu. Gogo hilohilo likichanjwa mwezi Mei na vipande vyake vikapangwa juu ya mawe mahali penye upepo, kabla ya mvua mpya kuanza huwa limetoa kuni kavu, ambazo kwa kila kilo hutoa joto linalokaribia maradufu ya lile la kuni mbichi. Likiachwa zima na ganda lake halikauki kwa kasi hiyo, kwa kuwa maji hutoka zaidi kwenye ncha na kwenye nyuso zilizopasuliwa.

Kaya inayochanja na kukausha mapema hutumia kuni chache zaidi kwa chakula kilekile, na kila mzigo unaookolewa ni tawi linalobaki mtini. Kwa mkoa ambao ulilazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na ambao wilayani Kondoa mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka mwaka 1979 ili nyasi na miti iote tena, hilo si jambo dogo.

Ugumu uko kwenye miti yenyewe. Mgunga wa nyanda kavu hukua polepole, hujaa vifundo, na nyuzi zake hupindana kiasi kwamba shoka huzama na kukwama. Mwarobaini, uliopandwa kwa wingi mijini na vijijini, una nyuzi zinazoshikana. Mkaratusi huchanjika kwa urahisi ukiwa mbichi, lakini ukikauka ukiwa mzima huwa mkaidi, hivyo anayeukata asingoje wiki nyingi. Mbuyu hauhusiki hapa: mti wake ni laini kama sifongo, umejaa maji, na haufai kuni hata ukichanjwa na mashine ya namna gani.

Kwa sababu ya ukaidi huo, wananchi kadhaa wenye miti ya kupanda, na baadhi ya vikundi vya vijana, wamekuwa wakitafuta mashine za kuchanjia magogo au mafundi wa kuzitengeneza. Makala haya yanaeleza kipi kinamfaa nani, na ni mahali gani fedha hupotea.

Kwa kaya moja, jibu la kweli ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Shoka la kukatia mti, lenye mdomo mwembamba, si shoka la kuchanjia. La kuchanjia huwa zito na nene shavuni, ili likiingia lisukume pande mbili ziachane. Kabari mbili za chuma na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe humaliza karibu kila gogo ambalo shoka limeshindwa: kabari ya kwanza hufungua ufa ukingoni, kamwe si katikati ya moyo wa gogo, na ya pili huufuata ufa huo na kuifungua ya kwanza ikiwa imekwama. Wahunzi wengi hufua kabari kutokana na springi za magari. Chuma hicho ni kizuri kwa mdomo, lakini kichwa kinachopigwa nyundo hakipaswi kuwa kigumu kupita kiasi, kwani huruka vipande. Kichwa kilichochanua kama uyoga kinolewe kingo zake kabla ya kutumika tena. Macho mengi huharibiwa na kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, na miwani ya fundi wa kuchomelea yenye kioo cheupe hutosha kuyakinga.

Hatua inayofuata ni jeki ya lori, ile ya chupa, iliyofungwa ndani ya fremu ya chuma yenye kabari upande wa juu. Mafundi wengi wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza kwa siku moja, haihitaji umeme wala mafuta ya injini, na humfaa mtu asiye na nguvu za kuinua nyundo. Udhaifu wake ni mwendo: jeki ya aina hii hupanda sentimita 15 hadi 20 tu, hivyo gogo refu huhitaji kuwekewa kipande cha chini na kuanza upya. Nyingi kati yake hazifanyi kazi zikilazwa, kwa hiyo fremu iwe ya kusimama.

Kosa la kawaida katika fremu hizi linastahili kuelezwa kwa urefu. Fundi huangalia nguzo mbili za pembeni na kuzifanya nene, kisha juu huweka chuma cha aina ileile. Jeki ya tani 20 ikisukuma hadi mwisho wa uwezo wake, kila nguzo huvutwa kwa tani 10, mzigo ambao chaneli ya milimita 100 kwa 50 huubeba bila taabu. Boriti ya juu haivutwi, inapindwa, na kupinda ni adui mkubwa zaidi. Nafasi kati ya nguzo ikiwa sentimita 40, boriti hiyo inahitaji chuma cha umbo la I chenye kimo cha karibu milimita 200, au chaneli mbili nzito zilizounganishwa mgongo kwa mgongo. Fremu ya aina hiyo ikishindwa, huachia kwenye viungio vya juu, mahali hasa ambapo uso wa mwendeshaji upo. Mwenye chuma chepesi na atumie jeki ya tani 10, apunguze nafasi kati ya nguzo, na asikubali kuambiwa kwamba itavumilia.

Mashine kamili ya haidroliki ina injini au mota, pampu, tangi la mafuta, vali ya kuelekeza mafuta, silinda na boriti yenye kabari. Nguvu yake haitokani na ukubwa wa injini, ingawa wauzaji hupenda kuitaja injini kwanza. Inatokana na mambo mawili yanayozidishwa: presha ya mafuta na eneo la uso wa pistoni. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 100 ina eneo la sentimita za mraba 78 na nusu. Pampu ikitoa presha ya kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, nguvu ni takriban tani 16 kabla ya msuguano. Pistoni ya milimita 125, kwa presha hiyohiyo, hutoa zaidi ya tani 24. Kwa magogo yaliyonyooka ya sentimita 25, tani 8 hadi 10 zinatosha. Mgunga wenye vifundo na mashina yenye mizizi ndiyo yanayodai tani 20 na zaidi.

Injini huamua kasi. Silinda ya milimita 100 yenye mwendo wa sentimita 60 hujazwa na lita 4.7 za mafuta, hivyo pampu ya lita 20 kwa dakika huisukuma hadi mwisho kwa sekunde 14. Ili pampu hiyo itoe presha ya kilo 200 wakati wote inahitaji injini ya nguvu farasi zipatazo 10. Ndiyo maana mashine nzuri hutumia pampu ya hatua mbili, inayosukuma mafuta mengi wakati kabari haijagusa gogo, kisha machache kwa presha kubwa inapokutana na ukinzani. Injini ya nguvu farasi sita na nusu hapo hutosha. Anayetaka kutumia umeme wa kawaida wa nyumbani na mota ya kilowati 2.2 ajue kwamba, kwa pampu ya hatua moja, safari moja ya pistoni itachukua karibu dakika nzima. Kwa kaya hilo linavumilika. Kwa biashara halivumiliki.

Vifaa vilivyotumika hupunguza gharama, lakini vina mitego. Silinda ya lori la tipa hupendwa kwa sababu ni kubwa. Kwa kawaida husukuma upande mmoja tu na hurudishwa na uzito wa bodi ya lori, kwa hiyo ikilazwa kwenye mashine ya kuni haitarudi yenyewe. Inayofaa ni silinda ya kijiko au ya mtambo wa shamba, inayopokea mafuta pande zote mbili. Pampu ya usukani wa lori nayo hutoa presha inayokaribia nusu tu ya ile inayohitajika, na mnunuzi aliyeahidiwa tani 16 atajikuta na tani 8. Boriti iwe ya I nzito, kabari iwe ya bamba la chuma la milimita 20 au zaidi, na vali ya kupunguza presha ifungwe chini ya uwezo wa boriti. Mashine isiyo na vali hiyo haipaswi kuwashwa hata kwa majaribio.

Vumbi la Dodoma halina budi kutajwa. Pampu ya haidroliki huharibiwa na chembe ambazo jicho halizioni, na tangi lililofunikwa kwa kitambaa badala ya kifuniko chenye kichujio huiua pampu katika msimu mmoja. Tangi liwe na lita zisizopungua zile ambazo pampu husukuma kwa dakika, ili mafuta yapate muda wa kupoa. Mafuta yakivuja kwenye bomba la mpira, mtu asipapase kutafuta tundu. Mafuta yenye presha hupenya ngozi kama sindano, jeraha huonekana dogo na halitoki damu nyingi, na kidole au mkono unaweza kupotea. Aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo na mganga aelezwe kwamba ni mafuta ya mashine.

Kuna aina moja ambayo ushauri wake ni mfupi. Ni ile parafujo nene yenye umbo la pia, inayofungwa kwenye shafti ya trekta au ya injini na kuzunguka wazi huku mtu akilisogezea gogo. Ni rahisi kuitengeneza na video zake zimeenea katika simu. Haisimami inapokutana na kifundo. Hulizungusha gogo, na gogo humzungusha aliyelishika. Kanga, kitenge au shuka vikiguswa na ncha yake, mwenye nguo hana muda wa kuvua. Isitengenezwe.

Linabaki swali la nani anunue. Mashine inayochanja vipande viwili au vitatu kwa dakika humaliza kuni za kaya moja za wiki nzima kabla ya chai ya saa nne, kisha husimama siku sita ikikusanya vumbi. Kwa hiyo mashine ya haidroliki ni chombo cha kikundi au cha mtoa huduma anayezunguka na pawatila kijiji hadi kijiji. Kikundi kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa mwongozo wa maombi.

Kabla ya kuandika andiko la mkopo, hata hivyo, kikundi kihesabu wateja kwa uangalifu. Wateja wakubwa wa kuni walikuwa shule, vyuo na taasisi nyingine, na Serikali imezielekeza taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Andiko linalotegemea zabuni za shule kwa miaka mitano ijayo limejengwa juu ya soko linalofungwa. Linalohesabu kaya, wapika pombe za kienyeji, na wenye mashamba ya mikaratusi wanaotaka kusafisha visiki lina msingi zaidi, na hata hilo lipangiwe marejesho ya muda mfupi.

Kuwa na mashine hakumpi mtu haki ya kukata mti. Uvunaji na biashara ya mazao ya misitu, kuni zikiwemo, husimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na msitu wa hifadhi wa kijiji una taratibu zake zilizopitishwa na wanakijiji wenyewe. Mwenye mti wake shambani anayetaka kuuza kuni aanze kwa mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya maliasili ya wilaya, ambako ataelezwa kibali kinachohitajika na ushuru wake. Anayetaka fremu au mashine yake ikaguliwe kabla ya kuilipia anaweza kuipeleka kwa walimu wa uchomeleaji wa VETA au kwa wataalamu wa SIDO mjini Dodoma, akiwa na mchoro, kipimo cha silinda na presha ya pampu vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi.