Java Inapoliuliza Ghala la RDF

Mlima Kilimanjaro uko Tanzania. Sentensi hiyo ina sehemu tatu: kitu kinachotajwa, uhusiano, na kitu kinachohusishwa nacho. RDF, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1999, huandika kila habari kwa sehemu hizo tatu tu. Ya tatu yaweza kuwa kitu kingine, kama Tanzania, au thamani tupu, kama mita 5895. Kila kitu hupewa anwani yake, mlima usije ukachanganywa na hoteli yenye jina hilohilo.

Tanzania nayo ina sentensi zake, kwa hiyo habari hushikana. Ukitaka miji mikuu ya nchi zenye milima inayozidi mita 5000, unaandika sentensi zenye mapengo kwa lugha ya SPARQL, na ghala linalohifadhi habari hizo hurudisha kila jibu linaloyajaza yote kwa pamoja.

Je, huduma ya wavuti ya Java ilifikieje ghala hilo? Apache Jena, maktaba iliyoanzia maabara za Hewlett-Packard mjini Bristol, Uingereza, inaruhusu programu ifungue yenyewe mafaili ya ghala aina ya TDB. Ni rahisi, lakini mafaili hayo hayapaswi kushikwa na zaidi ya mashine pepe moja ya Java kwa wakati mmoja. Siku wateja wakiongezeka ukataka kuwasha nakala ya pili ya huduma, umekwama. Ukilazimisha, data inaweza kuharibika. Ndiyo maana, hata kwa mradi mdogo, naona heri kuanza na seva ya Fuseki: yenyewe ndiyo inayoshika mafaili, na huduma zote huiuliza kwa HTTP, kwa kawaida kupitia poti 3030, zikajibiwa kwa JSON.

Ugumu halisi unakuja jibu linapogeuzwa kuwa objekti ya Java. RDF haiahidi kwamba kila mlima una kimo, wala kwamba una kimo kimoja. Mita 5895 za kipimo cha zamani na 5892 za GPS hukaa pamoja kihalali, na SPARQL italeta safu mbili za Kilimanjaro. Klasi yenye nafasi ya namba moja itapoteza kipimo kimoja kimyakimya. Kimo kiwe orodha. Na mlima usio na kimo hautaonekana kabisa kwenye majibu, isipokuwa sentensi ya kimo imewekwa ndani ya kifungu cha OPTIONAL cha SPARQL.