Maswali Sita Kuhusu Simu

Soma Zaburi 139:23, 24. Daudi anaomba apimwe nini, na kwa nini hajipimi mwenyewe?

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, serikali ilitangaza kufunga shule. Shule za msingi na sekondari zilifunguliwa tena Juni 29. Katika migomba na mibuni ya Karagwe na Kyerwa kazi haikukosekana. Hata hivyo, kijana mwenye simu alikaa zaidi ya miezi mitatu bila kengele ya shule.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, wana kipimo cha maswali sita kuhusu mwaka uliopita. Je, mtu huwaza mitandao muda mwingi? Hutaka kuitumia zaidi na zaidi? Huikimbilia ili asahau matatizo? Amejaribu kupunguza akashindwa? Hufadhaika akizuiwa? Imeharibu kazi au masomo yake? Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5. Saa hazihesabiwi, na ni vema: aliyekesha akitafuta habari za ndugu mgonjwa si sawa na aliyeshindwa kuiacha. Lakini anayejibu ni mtu mwenyewe (Yeremia 17:9).

Linganisha swali la nne na Warumi 7:15. Kwa nini ni gumu kulijibu mbele ya darasa?