Apimwe Kwanza, Apakwe Baadaye: Vipele Visivyopona kwa Mtoto

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mama, baba, bibi, shangazi na yeyote anayelea mtoto anayejikuna. Kisome hata kama wako hana kipele leo. Asiyejua kusoma, msomee.

Ninachokiona zahanati

Analetwa mtoto wa miaka 6 au 7. Mikono na miguu imejaa madoa meusi, na juu ya makovu ya zamani vimeota vipele vipya vinavyowasha. Namuuliza aliyemleta: vilianza lini? "Tangu mwaka jana, daktari." Mmempa dawa gani? Hapo mfuko wa plastiki hufunguliwa, zikatoka tyubu zilizokamuliwa mpaka mwisho.

Bibi mmoja alinitolea tyubu 9. Kila moja aliinunua baada ya mtu fulani kumwambia, "hii ndiyo kiboko yake." Mjukuu wake alikuwa amepakwa kwa miaka 2, na katika miaka hiyo hakuna aliyemtoboa kidole hata mara moja. Siku ile tulimpima, tukamkuta na virusi vya UKIMWI (VVU). Alizaliwa navyo.

Bibi yule hakuwa mzembe. Aliuza mahindi yake ili anunue zile tyubu. Fedha ilitoka na uchungu ulikuwepo. Kilichokosekana ni kipimo, nacho ni cha bure.

Neno la kushika kuliko yote

Mtoto mwenye vipele visivyopona apimwe kwanza, apakwe baadaye.

Vipele gani vinanidai nimpeleke?

VVU hudhoofisha kinga ya mwili, na mara nyingi ngozi ndiyo hutangulia kusema. Mtoto anaweza kucheza, kula na kwenda shule, huku ngozi peke yake ikilalamika. Mpeleke kituo cha afya ukiona lolote kati ya haya:

Vipele vidogo vigumu vinavyowasha mikononi na miguuni, pande zote mbili, vinavyokwenda na kurudi na kuacha madoa meusi. Watu husema ni mbu tu. Mbu huuma nyumba nzima, lakini mtoto huyu ndiye asiyepona.

Mkanda wa jeshi, yaani malengelenge yanayouma yaliyojipanga upande mmoja wa mwili. Tumezoea kuuona kwa watu wazima, kwa hiyo ukimtokea mtoto usingoje hata wiki.

Chunjua nyingi zinazotapakaa usoni au mikononi. Pia vivimbe vidogo laini, vinavyong'aa, kila kimoja na kishimo katikati, vikiwa vingi au vikubwa kuliko kawaida.

Vidonda vya mdomoni vinavyozidi mwezi mmoja. Utando mweupe mdomoni kwa mtoto aliyekwisha kupita miezi 2, hasa ukirudi baada ya dawa. Mapunye yaliyoenea mwilini na kugoma kupona. Uvimbe wa mashavu mbele ya masikio usioisha. Mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau, kwenye ngozi au ndani ya mdomo.

Na kama pamoja na vipele mtoto hakui, anaharisha mara kwa mara, au masikio yanatoa usaha kila baada ya muda mfupi, basi umeshachelewa kidogo. Nenda kesho asubuhi.

Tyubu inafanya nini

Krimu nyingi za mchanganyiko zinazouzwa kiholela zina dawa iitwayo steroidi. Ukipaka, mwasho unazima na wekundu unapungua. Mama anafurahi. Baada ya siku chache anaacha, vipele vinarudi, naye ananunua nyingine. Ikipakwa juu ya mapunye, fangasi wanaendelea kuenea chini chini huku ngozi imebadilika sura, hata mganga akiitazama asijue anatazama nini. Ikipakwa kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika michirizi isiyofutika. Na kubwa kuliko yote: wakati nyinyi mnapaka, virusi vinaendelea na kazi yao.

Usipake tyubu uliyoelekezwa na jirani. Usipake iliyobaki kwa mtoto mwingine. Usipake mafuta ya taa. Usipake maji ya betri, yanaunguza. Usimchanje. Usimwogeshe dawa ya kuogeshea mifugo. Usivunje vidonge vya watu wazima ukavichanganya na mafuta ya mgando. Kama umeshapaka kitu, usione haya: njoo nacho tukione.

Apimwe kwanza, apakwe baadaye.

Si kila kipele ni VVU

Nalisema hili kwa nguvu, kwa sababu wapo watoto walionyimwa kampani shuleni kwa ajili ya mapunye tu. Upele wa kawaida huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi hupita kwa wote wanaolala kitanda kimoja. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko na magoti. Chunjua mbili tatu kwa mtoto wa shule ni jambo la kawaida. Haya yote yana tiba yake.

Lakini kwa macho ya nyumbani huwezi kuyatenganisha. Hata mimi, baada ya miaka yote hii, simwambii mzazi "hana" kwa kutazama ngozi. Napima.

Na mtoto mwenye VVU haambukizi kwa kucheza, kula sahani moja wala kulala na wenzake.

"Mimi nilipima nikiwa mjamzito, sikuwa navyo"

Umefanya vema. Ila mama anaweza kuambukizwa baada ya kipimo kile, akiwa bado mjamzito au ananyonyesha, na mtoto akavipata tumboni au kupitia maziwa. Mtoto akiwa na dalili nilizozitaja, mpimwe upya wote wawili.

"Mbona amefika miaka 8 ni mzima?"

Wapo waliozaliwa na virusi wakafika miaka 8, 10 na zaidi bila kulazwa. Lakini wengi hawafiki: bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka 2.

Utakachokutana nacho kituoni

Mtoto atavuliwa nguo zote, maana vipele vya mgongoni vina habari yake. Atatazamwa mdomo, kichwa na matezi. Atapimwa uzito. Kisha atatobolewa kidole, na majibu hutoka mkiwa palepale. Yakionyesha virusi, kipimo kitarudiwa kwa aina nyingine ili kuthibitisha.

Aliye chini ya miezi 18 hapimwi hivyo, kwa sababu kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha kinga za mama badala ya virusi vya mtoto. Yeye hutolewa damu kisiginoni au kidoleni, nayo hupelekwa maabara. Rudi kuchukua majibu. Damu ikienda maabara na mzazi asirudi, ni sawa na kutopima.

Mtoto wa mama mwenye VVU asingoje vipele. Apelekwe kupimwa anapofikisha wiki 6, au mapema zaidi akiitwa.

Siri

Majibu ni siri, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda.

Akikutwa navyo

Ataanzishiwa dawa za kufubaza virusi. Ziko za watoto, nyingine unaziyeyusha kwenye maji akanywa. Ngozi haitakati kesho, inachukua miezi. Wiki za mwanzo vipele vinaweza hata kuongezeka, kwa sababu kinga inaamka. Hapo ndipo walezi wengi huacha dawa na kurudi kwenye tyubu. Usiache. Rudi kliniki.

Baba na mama mpimwe. Na watoto wengine wote wa mama huyo, hata mkubwa asiye na kipele.

Usingoje asubuhi

Ngozi inayobabuka au malengelenge machoni na mdomoni baada ya kuanza dawa yoyote. Mkanda wa jeshi karibu na jicho. Vidonda vyenye usaha pamoja na homa. Mtoto anayeshindwa kumeza. Haya ni ya saa hiyohiyo.

Kesho

Funga hizo tyubu kwenye mfuko, chukua kadi ya kliniki ya mtoto, mpakate au mshike mkono, uje naye. Kama mama hayupo, bibi aje. Kama bibi hawezi kutembea, shangazi aje. Kipimo ni bure na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Usipake tena kabla hatujampima.