Kabla Hujakopa Mtaji: Nani wa Kuuliza, na Umuulize Nini

Swali tunaloletewa mara nyingi na wateja wetu ni hili: "Nataka kufungua biashara ndogo, nikope wapi?" Mikopo tutaifikia. Lakini kuna watu wanaolipwa mshahara kukuelekeza, wako karibu na wewe kuliko unavyodhani, na kuwauliza hakuna ada. Ni nauli tu. Shida ni kwamba wengi huwafikia wakiwa wamechelewa: kibanda kishalipiwa, sufuria zishanunuliwa, na kanjo ameshapita mara ya kwanza.

Tutumie mfano mmoja ili tusizunguke. Tuseme umeweka akiba ya shilingi 15,000 na unataka kuuza chapati karibu na steji ya mtaa wako. Kama biashara yako ni ya mboga, mitumba au kinyozi, badilisha majina ya vitu. Maswali ni yale yale.

Hesabu ya unga kwanza

Kabla ya ofisi yoyote, keti chini na kalamu. Bei tunazotumia hapa ni za mfano, weka za kwenu. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano tuiweke shilingi 180, na tuseme inakupa chapati 24. Unapika pakiti mbili kwa siku, kwa hivyo chapati 48. Unga ni 360, mafuta ya kupikia 180, makaa 100, chumvi na sukari 20. Jumla 660. Ongeza 50 za ushuru wa kila siku wa hapo unapouzia. Umetumia 710.

Ukiuza chapati zote 48 kwa shilingi 20, unashika 960. Toa 710, unabaki na 250. Si mbaya kwa asubuhi moja.

Sasa mvua inyeshe na uuze 36 pekee. Umeshika 720. Gharama bado ni 710 kwa sababu unga ulishakandwa na makaa yalishaungua. Umebaki na shilingi 10. Ukiuza 35, umetoka na 10 za hasara... au tuseme ukweli, umefanya kazi tangu saa kumi alfajiri ili ulipe upungufu wa pesa zako mwenyewe.

Kwa hivyo chapati 12 za mwisho ndizo zinazobeba faida karibu yote ya siku. Ukijua hivyo, swali lako linabadilika. Huulizi tena "nitapata wapi mtaji", unauliza "watu wangapi hupita hapa kabla ya saa mbili, na wangapi tayari wana mtu wao wa chapati?" Hilo hakuna afisa atakayekujibu. Simama hapo steji asubuhi tatu tofauti, mojawapo iwe Jumamosi, uhesabu. Halafu utafute mtu anayeuza chapati kwenye mtaa mwingine, mbali kidogo, ambaye hatakuona kama mpinzani. Mnunulie chai, umuulize: chapati zinazobaki anazipeleka wapi? Wateja wangapi hula kwa deni? Mwezi gani huwa mbaya? Mwenye kazi akishaona kwamba hutamwibia wateja, mara nyingi hufunguka kuliko mwalimu yeyote wa biashara.

Ofisi za kwenda, na cha kuuliza

Anza na ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo. Kibali cha biashara hutolewa na kaunti, na ada yake inategemea kaunti uliyomo na aina ya biashara, ndiyo maana bei aliyolipa binamu yako Kisumu haikusaidii ukiwa Machakos. Uliza maswali matatu: eneo hili linaruhusiwa kufanyiwa biashara ya chakula? Nitalipa kibali cha mwaka au ushuru wa kila siku? Pesa zinalipwa kwa namba gani ya paybill? Hilo la tatu usiliache. Kaunti ikipokea ada kwa simu, jina la taasisi linapaswa kuonekana kwenye ujumbe wa malipo. Ukiona jina la mtu binafsi, uliza tena, na risiti udai.

Swali la kwanza nalo ndilo linalookoa pesa nyingi. Watu hulipa "goodwill" ya kibanda kilichojengwa kwenye hifadhi ya barabara, na siku tingatinga likija, aliyepokea pesa hapatikani kwa simu.

Kwa chakula kuna hatua nyingine: afisa wa afya ya umma. Yeyote anayeshika chakula cha kuuza anahitaji cheti cha afya, na vipimo vyake hurudiwa kila baada ya miezi 6. Mwite afisa aangalie mahali pako kabla hujaweka chochote. Ni rahisi kuhamisha jiko ambalo bado halijanunuliwa.

Huduma Centre tunaipenda kwa sababu huduma nyingi ziko chini ya paa moja. Pale unaweza kuuliza kuhusu PIN ya KRA, kuhusu kusajili jina la biashara, na kuhusu mifuko ya mikopo ya serikali. PIN yenyewe ni bure kupitia iTax. Ukienda saiba, unachomlipa yule kijana ni kazi ya kukujazia. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen kwa takriban shilingi elfu moja. Je, mwenye chapati analihitaji? Kwa maoni yetu, si mwezi wa kwanza. Utalihitaji ukitaka akaunti ya benki kwa jina la biashara, au ukitaka kuuzia shule na ofisi. Ushuru nao huwatia watu baridi bure: ushuru wa mauzo wa asilimia 3 huwahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, kwa kiwango kilichoanza Julai 2023. Chapati zako 48, hata ukiuza zote kila siku ya mwaka bila kupumzika, ni kama shilingi 350,000. Weka rekodi tu, ili siku utakapokua ujue umefika wapi.

Kuna pia mamlaka ya biashara ndogo, MSEA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2012. Hii inawafaa zaidi mafundi wa jua kali: welda, seremala, mshona viatu. Inahusika na usajili wa vyama vyao na sehemu za kufanyia kazi. Kama unatengeneza kitu cha kufungashwa, mfano siagi ya njugu, utahitaji alama ya ubora ya KEBS kabla supamaketi haijakubali kuiweka kwenye rafu. Waulize mapema, kabla hujachapisha lebo elfu moja. Na anayefuga kuku au kulima sukuma asisahau afisa wa kilimo wa wadi, ambaye wengi humkumbuka siku kuku wameanza kufa.

Sasa pesa

Hapa tutaenda polepole.

Hustler Fund, unaoupata kwa kubonyeza *254#, ulizinduliwa Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi huanzia shilingi 500, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni siku 14. Asilimia 5 ya mkopo hukatwa na kuwekwa kama akiba yako. Kwa hivyo ukikopa 1,000, unapokea 950 mkononi, na riba ya siku hizo 14 ni kama shilingi 3.

Linganisha na mkopo mwingine wa simu unaosema "ada ya asilimia 8 tu". Uliza: asilimia 8 ya muda gani? Kama ni ya mwezi, kwa 1,000 utalipa 80. Namba ni ile ile kwenye skrini, lakini moja ni shilingi 3 na nyingine ni shilingi 80. Ukiona asilimia bila muda, usibonyeze "kubali" mpaka upate muda wake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaliangalii: muda wa mkopo ulingane na kazi ya pesa. Mkopo wa siku 14 unafaa kununua unga, kwa sababu unga unageuka pesa kesho. Haufai kununua friji au kulipia kibanda, kwa sababu friji haiwezi kujilipa kwa wiki mbili hata ikiwa imejaa soda. Kwa vitu vya kudumu tafuta pesa za polepole: akiba yako, sacco, au chama.

Na chama ni zaidi ya kuzungushiana pesa. Kikundi kikisajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, kinaweza kuomba Uwezo Fund, ulioanzishwa 2013 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mkopo wake hauna riba. Kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3. Sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Afisa wa ofisi hiyo atakuonyesha katiba ya kikundi inavyoandikwa na masharti mengine yaliyopo. Mfuko wa vijana, wa walio kati ya miaka 18 na 35, na ule wa wanawake pia hutoa mafunzo pamoja na mikopo. Hata kama hutaki mkopo wao, ulizia mafunzo.

Tuongeze angalizo moja kuhusu vikundi. Mwenzako asipolipa, deni ni la nyote. Chagueni watu mnaojua wanalala wapi.

Utasikia pia kuhusu AGPO, mpango unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Ni nafasi halisi, lakini malipo ya serikali yanaweza kuchelewa miezi. Usiingize humo pesa za unga wa kesho.

Tenga laini ya biashara

Hii ni fupi. Pesa za chapati na pesa za nyumbani zikikaa mahali pamoja, hutajua kama biashara inakulisha au wewe ndiye unailisha. Chukua namba ya till au laini tofauti, na ujilipe kiasi kimoja kila wiki, hata kama ni 500. Taarifa ya miamala ya miezi 6 ndiyo barua yako ya utambulisho mbele ya sacco au benki. Inaonyesha mauzo yako siku za mvua na siku za jua. Mteja akikuonyesha SMS ya malipo kwenye simu yake, mtabasamie, kisha uangalie salio kwenye simu yako. Mauzo ya pesa taslimu yaandike kwenye daftari jioni ile ile, kwa sababu asubuhi hutakumbuka.

Anayekuitisha pesa ili akupe pesa

Siku utakapoanza kuulizia mkopo, hasa kwenye mitandao, watu watakutafuta. Atakuja mtu mwenye picha ya nembo ya mfuko wa serikali, atakuambia mkopo wako wa shilingi 50,000 umepita, na kilichobaki ni "ada ya usindikaji" ya 1,500. Ukituma, kutakuwa na "bima" ya 2,300. Kisha "cheti". Hatosheki mpaka uishiwe. Ada halali ya mkopo hukatwa kwenye mkopo wenyewe au huonyeshwa kwenye masharti; haitumwi kwa namba ya mtu binafsi kabla hujaona hata shilingi.

Wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na benki hiyo huchapisha orodha ya walioipata kwenye tovuti yake. Tafuta jina humo kabla ya kupakua programu. Kanuni za mwaka 2022 zinawakataza kutumia orodha ya namba zilizo kwenye simu yako kuwasumbua jamaa na marafiki ukichelewa kulipa, kwa hivyo programu inayotaka kufungua namba zako zote ndipo ikupe 700 ina nia nyingine. PIN yako ya simu hakuna anayeihitaji, hata mtu anayejiita mfanyakazi wetu.

Kama umeshatuma, usione haya na usingoje kesho. Pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Usifute ujumbe wowote. Piga picha ya skrini ya mazungumzo, andika kodi ya muamala na saa, kisha upeleke taarifa kituo cha polisi upewe namba ya OB. Na namba iliyokutapeli iweke kwenye kundi la chama chenu la WhatsApp, maana kesho itampigia mwingine.