KUZAA SI KAZI, KAZI NI KULEA
Funzo la uhakiki kutoka kwa mashabiki wa Star Trek



Jumamosi moja muhula uliopita tulikuwa bwaloni tukitazama televisheni baada ya chakula cha jioni. Filamu iliyokuwa ikionyeshwa ilikuwa Star Trek ya mwaka 2009, hadithi ya kubuni ya kisayansi ambamo mabaharia wa angani wanasafiri kwa chombo kinachoitwa Enterprise. Kelele zilikuwa za kawaida: hawa wanataka mpira, wale wanataka muziki. Mara tukasikia afisa mmoja wa kike akiitwa Uhura. Baadaye kidogo mwenzake akamwita Nyota. Bwalo zima likalipuka! Nyota? Si hicho ni Kiswahili chetu jamani?

Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza akasimama akasema kwa sauti, "Hao wamekosea tahajia! Neno ni uhuru, si uhura!" Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Kiswahili swali hilo. Badala ya kunijibu, akaniambia nikatafute mwenyewe kisha nije nikieleze chama. Basi haya ndiyo niliyoyapata. Nilikwenda kutafuta jina moja tu, kumbe nikapata somo zima la fasihi.

1. Hadithi yenyewe

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 katika televisheni ya NBC. Mwanzilishi wake alikuwa Gene Roddenberry. Katika chombo chake aliweka nahodha Mmarekani, Kirk, na msaidizi wake Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni wa sayari nyingine iitwayo Vulcan. Aliweka pia Sulu mwenye asili ya Asia, na Uhura, mwanamke Mwafrika, afisa wa mawasiliano. Baadaye akamwongeza Chekov, Mrusi, ingawa Marekani na Urusi zilikuwa hazipikiki chungu kimoja.

Usisahau nyakati zenyewe. Sheria ya kulinda haki ya Weusi wa Marekani ya kupiga kura ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwani ilipitishwa mwaka 1965. Katika televisheni, mwanamke Mweusi akionekana, mara nyingi alikuwa kijakazi wa kubeba sinia. Uhura hakubeba sinia. Alivaa sare, akaketi kwenye kiti chake cha kazi, akasikilizwa.

2. Je, walikosea tahajia?

Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amebeba kitabu kiitwacho Uhuru. Hiyo ni riwaya ya mwaka 1962 ya Mmarekani Robert Ruark, kuhusu Kenya ilipokuwa ikikaribia kujitawala. Roddenberry alilipenda neno hilo. Irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lisikike kama jina la mwanamke masikioni mwao, likawa Uhura.

Kwa hiyo yule ndugu yetu wa Kidato cha Kwanza alikuwa na haki, kwa kuwa katika kamusi hakuna uhura. Lakini halikuwa kosa la kutojua. Ni neno letu lililosafiri na kubadilika njiani, kama sisi tulivyoyachukua maneno ya Kiarabu na Kireno tukayavisha kanzu yetu. Hata hilo uhuru lina asili ya Kiarabu!

Na Kiswahili hakikuishia kwenye jina. Katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, Uhura anazungumza Kiswahili na kiumbe aliyejigeuza mwanamume. Katika kipindi kingine cha 1967, mashine inamfuta kumbukumbu zake zote. Anapofunzwa upya kusoma na neno likamshinda, analalamika kwa Kiswahili. Yaani kila kitu kilipofutika, lugha ya mama ilibaki.

3. Hadhira inaposema "njoo"

Sasa tuje kwenye somo. Katika fasihi simulizi tumefundishwa kwamba fanani hatambi peke yake. Akisema "Paukwa!", hadhira isipojibu "Pakawa!" hadithi haiendi. Wengi wetu tunadhani televisheni imeua jambo hilo, kwamba mtazamaji kazi yake ni kukodoa macho tu. Mashabiki wa Star Trek walionyesha kwamba sivyo.

Mwishoni mwa mwaka 1967 kulikuwa na habari kwamba kipindi kitafutwa. Shabiki mmoja, Bjo Trimble, pamoja na mumewe John, wakaanza kampeni ya barua. Hawakuwa na pesa za kutisha wala cheo. Walichokuwa nacho ni mpango. Kila shabiki aandike barua, kisha awaombe watu kumi waandike, na kila mmoja wa hao awaombe wengine kumi. Piga hesabu uone!

Tena, na hapa wanafunzi wa insha wasikilize, walikuwa na masharti. Kila mtu aandike kwa maneno yake mwenyewe, asinakili ya mwenzake. Awe na adabu, asitukane. Mnaona? Ni yaleyale tunayoambiwa kuhusu barua rasmi, ambayo huwa tunadhani ni ya mtihani tu.

Januari 1968 mamia ya wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha Caltech waliandamana hadi ofisi za NBC mjini Burbank. Barua ziliingia maelfu kwa maelfu. Tarehe 1 Machi 1968 NBC ikatangaza hewani kwamba kipindi kitaendelea.

Wacha niseme ukweli wote, nisije nikaitwa mpiga chuku. Ushindi huo haukudumu. Kipindi kilipewa saa mbaya, Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana wengi hawako nyumbani. Kikakoma mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Lakini mashabiki hawakukoma. Vituo vidogo vilikirudia, na watazamaji wakazidi kuongezeka kuliko mwanzo. Januari 1972 mashabiki waliitisha mkutano New York wakitarajia watu mia chache. Walikuja zaidi ya elfu tatu!

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Tangu mwaka 1967 mashabiki walikuwa wakitoa majarida yao wenyewe, la kwanza likiwa Spockanalia. Waliyapiga kwa taipureta, wakayarudufisha kwa mashine ya stensili, wakayatuma kwa posta. Humo walihakiki vipindi, wakabishana, wakatunga hadithi mpya za wahusika walewale. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Kwa hiyo, msomaji, jarida hili ulilolishika mkononi lina ndugu zake mbali sana.

4. Mashabiki walivyomlea mhusika

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwandishi humzaa mhusika, nami nasema hadhira ndiyo humlea. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Spock. Wakubwa wa NBC waliogopa masikio yake yaliyochongoka, wakidhani atawatisha watu kwa kufanana na shetani. Hata katika picha za kutangazia kipindi, masikio hayo yalichorwa upya yakawa ya kawaida. Lakini watazamaji walipomwona walimpenda kuliko walivyotarajia wenye televisheni, na barua zikamiminika kwa Leonard Nimoy aliyemwigiza.

Mwaka 1968 msichana mmoja alimwandikia Spock kupitia gazeti la vijana. Mama yake alikuwa Mweusi na baba yake Mzungu, naye alijiona hana pa kushika, kwani huku hakubaliwi na kule hakubaliwi. Nimoy alimjibu kwa urefu gazetini. Alimweleza kwamba Spock naye utotoni alitengwa na Wavulcan kwa kutokuwa damu moja nao. Angeweza kuficha nusu yake ili apendwe, lakini alijifunza kwamba kuwa mkweli kwa nafsi yako ni bora kuliko kushangiliwa na kundi. Roddenberry alikuwa amebuni mtu wa angani, na msichana yule akamfanya ndugu yake. Nani hapo alimpa Spock maana?

Mfano wa pili ni Uhura. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi hiyo arudi kwenye jukwaa la nyimbo na maigizo. Kama alivyosimulia mwenyewe, katika hafla moja aliambiwa kuna shabiki anayetaka kumwona. Kugeuka, ni Martin Luther King! King alimwambia kwamba yeye na mkewe huwaruhusu watoto wao kukitazama kipindi hicho, na kwamba hapaswi kuondoka, kwa sababu mlango aliofunguliwa haukuwa wake peke yake. Nichols akabaki.

Na lile jina la Nyota je? Katika vipindi vya 1966 hadi 1969 Uhura hakuwa na jina la kwanza. Lilipatikana mwaka 1982 katika kitabu cha William Rotsler, mtu aliyejulikana kwa kuchora vibonzo katika majarida ya mashabiki. Aliomba ridhaa ya Roddenberry na ya Nichols, wakakubali. Mashabiki wakalitumia miaka nenda miaka rudi, mpaka lilipotamkwa katika ile filamu ya 2009 tuliyoitazama bwaloni. Miaka 27! Na katika vipindi vilivyoanza 2022, Uhura anatajwa kuwa Mkenya anayejua lugha 37. Sisi tukiambiwa tujifunze tatu tunanuna!

5. Ushabiki nao una shubiri yake

Msidhani mashabiki wote ni malaika. Mwaka 1987 mfululizo mpya ulianza, wenye wahusika wapya. Mmoja alikuwa kijana hodari aitwaye Wesley Crusher, ambaye kila mara aliokoa chombo pale wakubwa walipokwama. Mashabiki wengi walimchukia. Kuhakiki si kosa, na huenda kweli mhusika huyo aliandikwa kwa ukamilifu uliozidi. Lakini wengine walimrushia chuki hiyo mwigizaji, Wil Wheaton, aliyekuwa na miaka 15 kipindi kilipoanza kuonyeshwa. Miaka kumi na mitano ni rika la Kidato cha Pili! Ukubwani Wheaton amesema hadharani jinsi maneno yale yalivyomuumiza. Yeye hakuyaandika yale aliyoyasema Wesley, aliyakariri tu.

Nimoy naye aliandika kitabu mwaka 1975, na jina lake lilikuwa na maana ya "Mimi si Spock". Mashabiki walikasirika, wakidhani ati amemkana Spock. Kumbe alikuwa akieleza jambo ambalo kila mwanafunzi wa fasihi anapaswa kulijua, kwamba mhusika ni mmoja na mwigizaji ni mwingine. Mwaka 1995 akaandika kingine, safari hii maana yake ikiwa "Mimi ni Spock". Naam, mzee alikubali yaishe.

Nasi tujichunguze. Mwenzetu aliyeigiza mchawi katika tamasha la drama bado anaitwa Mchawi hadi leo huko bwenini. Yeye hutabasamu, lakini sijui kama tumewahi kumuuliza.

6. Mavuno

Malezi mema huzaa matunda. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimtumia Nichols kuwahimiza wanawake na Weusi waombe kazi ya uanaanga. Katika kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 walikuwamo wanawake sita na Wamarekani Weusi watatu. Mae Jemison, aliyekua akimtazama Uhura utotoni, alikwenda angani Septemba 1992, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kufika huko. Kila alipoanza zamu yake alitumia usemi wa Uhura, wa kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Mwaka 1993 yeye mwenyewe akaigiza katika kipindi kimoja cha Star Trek. Mtazamaji ameingia ndani ya hadithi!

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na miaka 89.

7. Tunajifunza nini?

Wenzangu, mara ngapi tunafunga riwaya teule na kusema tu "Ilikuwa poa" au "Ilinichosha"? Hayo si maoni, ni kupiga miayo. Sema ni mhusika yupi, katika tendo lipi, na kwa nini. Ukipendezwa, andika. Ukichukizwa, andika pia, lakini kwa adabu na kwa maneno yako, na usimpige mtu kwa kosa la mhusika.

Nawe ndugu yangu wa Kidato cha Kwanza, hukukosea kusimama siku ile. Kelele zako ndizo zilizozaa makala haya. Chama hukutana kila Jumatano. Njoo!

Maswali ya mjadala

1. "Mhusika ni mali ya mwandishi peke yake." Jadili kwa kurejelea kitabu chochote unachosoma darasani.
2. Jina Uhura si sahihi kikamusi. Je, tulikatae au tulikaribishe? Toa sababu.
3. Mwandikie mhusika mmoja wa fasihi ya Kiswahili barua ya ukurasa mmoja. Barua bora tatu zitachapishwa katika toleo lijalo.