Kabla ya Kumfungia Kaka Yako

Shangazi, shikamoo. Kaka yangu ana miaka 29, anavua dagaa Musoma. Zamani alikunywa gongo kipindi cha mbalamwezi tu, mitumbwi ikipumzika. Siku hizi anaanza alfajiri, asipokunywa mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Bangi pia anavuta. Baba yuko Butiama, anataka tumfungie chumbani wiki nzima hadi pombe imtoke. Mama mdogo anasema tumpeleke Mwanza akapewe methadoni. Tumsikilize nani?
Dada mtu, Bunda

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwambie baba aweke kufuli pembeni.

Katika barua yako yote, kilichonitisha ni hiyo mikono. Anayekunywa kila siku, ubongo wake umeshazoea kufanya kazi na pombe. Ukimkatia ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 huanza jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Baada ya hapo wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani na kusikia watu wasiokuwepo, na majirani wakasema karogwa. Hali hiyo huua, seuze mtu akiwa peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Sisi tunaogopa unga, na kweli arosto yake ni mateso makubwa, lakini mara nyingi kuacha pombe ghafla ndiko kunakoua.

Mama mdogo kasikia nusu. Methadoni ipo, Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na Mwanza inatolewa hospitali ya Sekou Toure. Ila ni dawa ya waraibu wa heroini na ndugu zake wa afyuni. Haitibu gongo wala bangi, na ikichanganywa na pombe inaweza kumzimisha mtu pumzi.

Bangi isiwashughulishe sana kwa sasa. Akiiacha atakuwa mkali, hatalala vizuri, hamu ya kula itapungua kwa wiki kadhaa. Mtavumiliana.

Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo hapo Musoma, umwambie daktari ukweli wote: anakunywa kiasi gani, mara ya mwisho lini, amewahi kuanguka kifafa au la. Zipo dawa za kutuliza mwili anapoacha, na atapewa vitamini B1, maana pombe huimaliza. Kabla hajaonwa na daktari msimnyang'anye chupa ghafla. Najua inauma kusikia hivyo. Lakini gongo nayo haina kipimo, wala hujui kilichomo. Akisema macho yanaona ukungu, mkimbizeni siku hiyo hiyo. Mkikwama, pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Baba ataona ni ukaidi, hasa kaka akirudia kunywa baada ya miezi miwili, jambo linalowapata wengi. Mrudisheni hospitali bila matusi.

Na wiki hiyo ya kuacha asiende ziwani, hata giza likiwa zuri kiasi gani kwa dagaa. Degedege likimkuta mtumbwini usiku, atazama.